Shiuli na Matairi ya Baba Yake

Shiuli, binti wa Torab Ali, alikuwa na miaka kumi na sita na macho yaliyouchosha mtaa wetu mjini Khulna, Bangladesh. Nani kanunua samaki mkubwa, nani kakosana na mkewe, Shiuli alijua kabla mwenyewe hajafika nyumbani. Muuguzi Mahfuza alipokuja kutafuta vijana wa kupiga picha za vitu vinavyotuletea maradhi, mama mmoja akamwambia, "Mpe kamera huyu. Umbea anaufanya bure, angalau utufae."

Msimu wa mvua uliopita homa ya dengi, ile inayoenezwa na mbu, ilimlaza mdogo wake, Tuli, hospitali siku tisa. Baba yao, fundi wa kuziba pancha za riksho, zile baiskeli za kubeba abiria, alimlaumu diwani kwa mtaro ulioziba. Kila mteja aliyeketi kusubiri gurudumu lake alisomewa makosa ya diwani, atake asitake.

Shiuli akazunguka wiki nzima. Mtaro, akaupiga picha. Vifuu vya nazi, akavipiga. Mwisho akafika nyuma ya karakana ya baba yake, penye rundo la matairi makuukuu ambayo mzee alikataa katakata yasitupwe. Akachungulia ndani ya moja. Viluwiluwi wa mbu walikuwa wakirukaruka majini kama watoto waliofunga shule. Akamkumbuka Tuli kitandani na sindano ya dripu mkononi. Akapiga.

"Dada, usiseme ni kwa nani," alimwomba Mahfuza.

Picha zikabandikwa ukutani kwenye kibanda cha chai, bila jina la mtu. Lakini pembeni mwa matairi ilionekana lungi ya kijani, shuka ya kiunoni ya wanaume, imeanikwa, ina kiraka chekundu makalioni. Lungi ya namna hiyo mtaani kwetu ni moja tu.

"Kaka Torab," muuza chai akaita, "diwani kaanza lini kuanika nguo kwako?"

Watu walicheka hadi chai zikamwagika. Torab Ali akaondoka, na kwa siku mbili hakusema na binti yake.

"Tuli, mwambie dada yako anipe chumvi."

"Dada, baba anataka chumvi."

"Mwambie iko mbele yake."

Siku ya tatu Tuli akachoka. "Jamani, aliyeumwa ni mimi. Mbona mnaonuniana ni nyinyi?"

Kesho yake asubuhi tulimkuta mzee akimwaga maji na kutoboa matairi, moja moja, yasishike maji tena. Kisha akanawa, akachana nywele, akavaa shati la Idi.

"Shiuli! Kamera iko wapi? Au unajua kupiga mabaya tu?"

Mzee akazibeba picha zote mbili za matairi, ya kwanza na hiyo mpya, hadi ofisi ya diwani, nasi tukamfuata nyuma. "Mheshimiwa, hii ni aibu yangu. Hii hapa nimeirekebisha. Naomba kuona ya kwako."

Mtaro ulizibuliwa baada ya wiki tatu, ingawa si wote. Mvua zile dengi iliingia nyumba mbili tu. Mahfuza alituonya tusijisifu mapema. Torab Ali hakumsikia.

Shiuli sasa anafundisha vijana wenzake saba. Akitokea tu kwenye kona na kamera shingoni, kina mama hukimbilia kumwaga maji ya visahani vya maua, ndipo wanamwitikia salamu.