Inshallah ya Kipa wa Kwanza

Kwetu Amu, ukimwalika mtu harusini naye akakujibu "inshallah" huku anatazama pembeni, usimwekee sahani. Hatukatai waziwazi sisi. Kumwambia mtu "siji" ni utovu wa adabu, basi tunamwachia Mwenyezi Mungu. Ndiyo maana siku kocha alipomuuliza kipa wetu wa kwanza kama atabaki chuoni mwaka mwingine, naye akajibu "inshallah" akiwa ameinamia kamba za viatu vyake, nilirudi nyumbani karibu niruke.

Nilikuwa kipa wa pili wa timu ya chuo. Kipa wa pili ni mtu wa kuvaa jezi safi na kuirudisha safi. Tangu niingie nilikuwa benchi, nikimngoja yule bwana wa Siyu amalize masomo aende zake, na sasa alikuwa amemaliza. Mimi nilibakiwa na mwaka mmoja tu, wa mwisho.

Shida ilikuwa korona. Ilipofunga vyuo, msimu mzima wa michezo ulifutwa, na baadaye wakubwa wa mashindano wakatoa sheria: aliyepoteza msimu ule aongezewe mwaka wa kucheza, mradi awe bado mwanafunzi. Mimi niliingia baadaye, kwa hiyo sikupoteza kitu wala sikuongezewa kitu.

Mama alishawatangazia majirani kwamba mwaka huu mwanawe anadaka. Nikanunua glavu mpya, nikazitundika msumarini ukumbini. Mjomba, ambaye kazi yake ni boti za Ras Kitau, akaziomba papo hapo, eti zitamfaa kuvutia kamba. Nikamwambia asubiri mashindano yaishe.

Muhula ulipofunguliwa, mtu wa kwanza niliyemkuta uwanjani ni bwana wa Siyu, ananyoosha misuli. Alikuwa amejiandikisha kozi ya umeme. Hata salamu sikutoa.

"Wewe si ulisema inshallah?"

"Nalisema," akajibu kwa upole ulionizidishia hasira. "Nalisema Mngu akipenda. Na Mngu mependa."

Kumbe kwao inshallah bado ni inshallah.

Wala hakuwa peke yake. Beki wa kati alirudi, na nahodha akarudi na ndevu zake, na mke, na mtoto wa kubeba. Kikosi kikajaa mababa. Winga mmoja wa mwaka wa kwanza, kutoka Kiunga, mwenye mbio za ajabu, alifanya mazoezi kwa muda, akaona hakuna jezi, akaacha. Nilimwonea wivu, maana yeye aliweza kuondoka. Mimi kuondoka nilishindwa na kutulia nilishindwa. Kila mechi nilipasha misuli tangu filimbi ya kwanza, nikaenda na kurudi nyuma ya benchi mpaka kocha akanifokea, "Kaa chini bwana, unanipa kizunguzungu!" Nilimwombea mwenzangu ateguke kifundo cha mguu, nikaomba toba, kisha nikaomba tena ateguke. Hakuteguka. Tena alidaka vizuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mechi ya mwisho ilipokwisha nilimfuata kocha. Nikamuuliza: nikichukua kozi nyingine, nami nitaongezewa mwaka?

"Wewe hukupoteza msimu," akasema. "Ulikuwa kikosini mechi zote."

"Sikugusa mpira hata mara moja, kocha."

"Sheria haiulizi mpira. Ulivaa jezi, umehesabiwa umecheza." Kocha ni mtu wa bara, akikataa unajua umekataliwa. Nilitamani angesema inshallah.

Nyumbani nilimkuta mama anachambua mchele. Nilizirudisha glavu msumarini, bado zina harufu ya dukani, nikasimama, nikakaa, nikasimama tena.

"Mwakani utateza mpira, mwanangu?" akauliza.

"Inshallah," nikamjibu, nikitazama dirishani.

Mama aliweka ungo chini. Akaenda ukumbini, akaziangua zile glavu.

"Mjomba wako yuko gatini," akasema. "Mpelekee."