Deizi za Uani Kasikeu

Mwezi uliopita, rafiki yangu, nilipita kijijini Kasikeu, nikasimama mbele ya nyumba ya nyanya yangu. Susu, ndivyo tulivyomwita kwa Kikamba. Nyumba ina mpangaji sasa, na ua wote umemwagiwa simiti. Niliitazama ile simiti kwa muda, nikaendelea na safari yangu.

Nilikuwa darasa la tano nikiishi na susu. Mama alifanya kazi Athi River, katika kiwanda cha nguo, na alikuja Krismasi tu. Mwaka huo alitutumia pakiti ya mbegu za deizi, yale maua ya rangi ya machungwa yanayoishi msimu mmoja na kufa. Mbegu zilikuwa nyepesi kama makapi. Susu alijaza karai bovu mchanga na samadi ya mbuzi. Nilitaka kuzifukia kama maharagwe, akanishika mkono.

"Usifunike," akasema. "Hii inataka kuona jua. Finya kidogo tu."

Maji tulichota kwa kufukua mchanga wa mto mkavu, kwa hivyo deizi zilinyweshwa maji ya kusuuzia vyombo, yenye harufu ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa. Nilinyunyiza kila asubuhi kabla ya shule, kwa kopo lililotobolewa kwa msumari. Jirani yetu, mama wa kwaya, alikuwa akipita anacheka. Alimwuliza susu maua hayo atayapika na nini. Susu alimwambia binti yake akija atakuta nyumba imevaa.

Mvua ya Novemba iliponyesha tulizihamisha, tukazipanga toka langoni hadi mlangoni. Desemba zikachanua. Zilifunguka jua likipanda, zikafumba jioni. Susu alitoka na kikombe chake cha uji kuzitazama.

Jirani yule ndiye aliyekuwa na simu. Alikuja asubuhi moja, safari hii bila kucheka, akamwomba susu aketi kwanza. Mama alikuwa amefia hospitalini. Nimonia, siku tatu tu. Nakumbuka nilikuwa nikichambua mawe kwenye maharagwe, na niliendelea kuchambua. Hakuna aliyenikataza.

Siku ya mazishi jirani aliniambia nikate maua ya kuweka juu ya jeneza. Kulikuwa na mawingu, na deizi hazifunguki bila jua. Nilikata ndoo nzima ya maua yaliyofumba, nikampelekea susu, nikamwuliza kama yatafunguka.

"Hapana," akasema. "Weka tu hivyo."

Nikaweka. Watu walilia, nami nikawatazama wanavyolia. Nilingoja zamu yangu, haikufika.

Mbegu za deizi huvunwa ua likishakauka, la sivyo mwaka unaofuata huna kitu. Susu hakuvuna. Mbuzi waliingia wakamaliza zilizobaki, naye alikuwa ameketi pale pale mlangoni. Hatukupanda tena maua, na hatukuyazungumzia. Alifariki nikiwa sekondari.

Siku hizi watoto wangu wakiniuliza mama yangu alikuwa mtu wa namna gani, mimi huwaambia alipenda maua. Kusema kweli sijui. Huenda mtu alimpa tu ile pakiti, naye akakosa pa kupanda mbegu zake. Susu ndiye angejua, na miaka yote tuliyokula pamoja sikumwuliza.