Picha za Harusi Kwenye Bustani ya Bwawani

Mdogo wangu aliolewa Kasulu wakati wa kiangazi, vumbi jekundu likiwa limetanda mpaka kwenye majani ya migomba, na mimi ndiye niliyekuwa matroni wake. Tangu tulipoanza maandalizi alikuwa na jambo moja ambalo hakutaka kubishiwa: picha zipigwe kwenye bustani ya bwawani. Ukumbi tungeweza kubadili, keki tungeweza kupunguza, lakini bustani, hapana. Pale ndipo alipokutana na mwenzake, kijana wa Kibondo aliyekuja mjini kwetu kikazi, siku ambazo bustani ilikuwa bado mpya na watu walishuka huko Jumapili wakiwa wamevaa nguo zao nzuri.

Sikumbishia. Mimi naishi Manyovu, na sikuwa nimekanyaga pale kwa muda mrefu.

Mahali penyewe nilipajua kabla hapajawa bustani. Palikuwa na kijito kinachopita bondeni chini ya mji, na kandokando yake akina mama walichimba mashimo ya kuvundikia mihogo. Mama yetu alikuwa na lake. Asubuhi tulishuka naye tukisalimiana njiani na wenzake, mwakeye, mwakeye, mpaka majini. Anafunga kanga vizuri, anaingia, anatoa mihogo iliyokwisha kulainika, na sisi tunaipanga kwenye beseni. Harufu yake ilikuwa kali. Walimu na waganga wa zahanati waliohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine walivuka daraja wameziba pua. Kwetu ile ilikuwa harufu ya ugali wa kesho. Juu ya mashimo, kwenye mawe, palikuwa na chemchemi, na kabla ya kupanda kilima mama alitunywesha hapo kwa viganja vyake.

Baadaye ikaonekana harufu hiyo haiufai mji. Mashimo yakafukiwa, kijito kikazibwa kikawa bwawa, nyasi zikapandwa na mawaridi, yakaja mabenchi, gati la mbao, na boti ya kukanyaga kwa miguu yenye umbo la bata. Langoni waliweka kibao cha historia ya mahali, kilichosema kwamba zamani hapo palikuwa pori lisilo na matumizi. Nilimsomea mama. Akaniomba nimsomee tena, nikasoma. Tangu hapo anavundika mihogo yake kwenye pipa la plastiki nyuma ya jiko.

Lakini siwezi kusema uongo, palipendeza. Watoto walipanda bata, wazee walikaa kivulini. Kisha bustani ikakodishwa kwa mfanyabiashara mmoja, akajenga baa na jiko la samaki, na kuanzia hapo nikawa nasikia tu habari za kupita.

Siku ya harusi tulitoka kanisani moja kwa moja. Tuliposhuka garini, harufu ndiyo iliyotupokea. Nimelelewa kando ya mihogo inayovunda na si rahisi kunisumbua pua, lakini hii ilikuwa ya choo. Bomba lilitoka nyuma ya baa na kuishia kwenye matete, wazi kabisa, bila hata jani la kulifunika. Maji ya bwawa yalikuwa ya kijani, mazito, na pampasi zilielea juu yake zimevimba kama mikate. Bata alikuwa amelala ubavu, tumboni mwake mmejaa chupa.

Kando ya lango paliongezwa kivutio kingine: nyani ndani ya tundu la waya, amekaa juu ya kinyesi chake, nyonga imenyonyoka manyoya. Mwanamume mmoja wa msafara mwingine wa harusi alikuwa anamnywesha bia kwa kopo, na wenzake wanarekodi kwa simu. Hatua chache kutoka hapo mpishi wa baa alipasua samaki ukingoni, akasukuma matumbo majini, kisha akateka maji yale yale kwa ndoo akawasuuza. Nyuma yake watu walikuwa mezani wanakula. Mate yalinijaa mdomoni, nikayatemea kwenye kitambaa.

Nilimwambia mdogo wangu turudi kanisani, pale kwenye misonobari, panatosha. Mumewe aliniunga mkono. Bibi harusi akatutazama wote wawili kwa macho ya mtu anayejizuia asilie.

“Dada, tumeshafika,” alisema. “Tupige mbili tatu, tuondoke.”

Mpiga picha naye akasema tusihangaike na maji, atayasafisha kwenye kompyuta. Akatupeleka gatini. Mimi nilishika mkia wa shela juu juu usiguse mbao, maana zilikuwa zinateleza kwa uchafu ambao sikutaka kuujua. Akawaambia wasogee kidogo, kidogo tena, bibi harusi ageuze bega. Ubao ukakatika, na mguu wake ukazama mpaka gotini.

Tulipomvuta, mguu ulitoka mweusi, kiatu kimebaki chini, na pindo la shela limenyonya ule uji wa kijani. Mhudumu akaja mbio na ndoo. Nilipoona ametoka kuiteka bwawani nilimwambia aiweke chini na asiniguse. Bwana harusi akavua koti, akamfuta mkewe nalo, kisha akambeba mpaka garini. Nikamwosha kwa maji ya chupa tuliyowabebea wapambe. Aliutazama mguu kama si wake.

“Mama alikuwa anatunywesha hapa,” alisema.

Mwenye kukodi bustani alitoka baa akichokonoa meno. Nilidhani anakuja kutupa pole. Akatazama ubao uliokatika, akatutazama sisi.

“Visigino vyenu ndivyo vinavyoniharibia mbao,” alisema.

Nilifunga mlango wa gari. Tuliondoka. Ukumbini mdogo wangu alicheza kwa kandambili za shangazi yetu, pindo la shela likiwa limekatwa kwa mkasi.

Mguu ulimtoka vipele, akautibu kwa wiki kadhaa. Vikapona, vikaacha alama.

Picha zilikuja zimesafishwa kweli. Ile aliyoichagua imetundikwa sebuleni kwake Kibondo: wawili gatini, kabla tu ubao haujakatika, na nyuma yao maji ya buluu ambayo sijui yametolewa ziwa gani. Nilipomtembelea alikuwa na mgeni, mwalimu mwenzake kutoka Murungu, binti anayejiandaa kuolewa. Binti akasimama mbele ya picha, akauliza ni wapi.

“Bustani ya bwawani, Kasulu,” mdogo wangu akajibu. “Pazuri sana.”

Nilisubiri mgeni aondoke. Nikamuuliza amewezaje kusema vile, kwa mguu ule ule wenye alama. Alikuwa anakusanya vikombe, hakugeuka.

“Ningesema nini, dada? Ndiyo picha ya harusi yangu.”

Chai yangu ilikuwa bado nusu kikombeni, nikashindwa kuimaliza.