Hati Aliyoishika Dakika Kumi

Arlys Tjaden alipikia watoto wa shule miaka thelathini na mmoja katika mji mdogo wa Holtrop, Iowa, na magoti yake yalistaafu kabla yake. Alipofika miaka sitini na minane, kupanda kwenda chumbani kulala kulikuwa safari ya kushikilia ukuta. Dada yake aliyekaa mji wa Dubuque akamwambia waziwazi auze nyumba, waje wazeeke pamoja.

Nyumba hiyo aliinunua kwa Mzee Harm Eilers. Mwaka ule Arlys alikuwa ameachika, na hakuna benki iliyotaka kumkopesha. Mzee Harm akamwambia amlipe yeye mwenyewe, mwezi kwa mwezi, kwa miaka ishirini. Hati ya nyumba ingebaki kwa jina la mzee mpaka deni liishe. Arlys akaezeka paa jipya, akabomoa ukuta uliotia jiko giza, akapanda mawaridi. Miaka kumi na saba ikapita, hakukosa mwezi hata mmoja.

Wanunuzi hawakuchelewa: mume na mke vijana, wote wauguzi. Lakini Mzee Harm alikuwa amefariki wakati wa theluji, na urithi wake wote ulimwangukia binti yake wa pekee, Janelle, aliyeishi mji wa Des Moines. Bila saini yake hapakuwa na hati, na bila hati hapakuwa na kuuza. Arlys alipompigia simu, Janelle alimjibu kwa ubaridi kwamba nyumba ile ni ya kwao, ndimo alimokulia, na Arlys ni mpangaji tu.

Wakili aliyemwendea alimtuliza. Mkataba upo, stakabadhi zipo, mahakamani angeshinda. Ila kesi ingekula mwaka mzima, na wauguzi wasingengoja.

"Simpeleki mtoto wa Harm mahakamani," Arlys alisema. "Mwambie aje tu, aione nyumba."

Janelle akaja Jumamosi, mwanamke wa makamo aliyevaa koti hata ndani. Akasimama jikoni akitazama pale ukuta ulipokuwa.

"Mama alitundika picha zetu hapa," alisema.

Arlys hakujitetea. Alimwambia samahani, akamkatia pai ya tufaha, akammiminia kahawa. Kisha akamweleza kwamba baba yake alikataa kutumiwa malipo kwa posta. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kiti kile cha dirishani.

"Mimi aliniambia anaenda kwa kinyozi."

"Kinyozi? Na kipara kile, mwenzangu?"

Janelle akacheka bila kutaka, na kicheko kikageuka machozi. Akavua koti, akaketi.

"Alikuwa anaongea nini?"

"Wewe, mara nyingi. Na mama yako. Siku nyingine haongei kitu. Anakula, anaangalia nje, anaondoka."

"Sasa mbona aliiuza bila kuniuliza?"

"Hilo hakuniambia, na mimi sitakutungia."

Jibu hilo, Janelle alisema baadaye, ndilo lililomlainisha, kwa maana wengine wote walikuwa na maelezo tele. Alimaliza pai yake, akaomba kuzunguka vyumba peke yake, na aliporudi akauliza ni lini wanakwenda kwa wakili.

Wakaenda wiki mbili baadaye, wote meza moja. Deni lililobaki lilikatwa kwenye fedha za wanunuzi, Janelle akatia saini, na wakili akamsogezea Arlys hati yenye jina lake. Papo hapo ilimpasa naye asaini karatasi ya kuwauzia wauguzi. Akauliza kama anaweza kukaa na hati yake kidogo kwanza. Akavaa miwani, akaisoma yote, mpaka vipimo vya kiwanja, kama dakika kumi hivi, na hakuna aliyemharakisha.

Kisha akachukua kalamu. Alasiri hiyo Janelle alimsaidia kupakia masanduku ya mwisho garini, na kabla jua halijazama Arlys alikuwa Dubuque, akibishana na dada yake kuhusu kabati zitakamowekwa sufuria zake.