Walimkamata fundi magodoro kwa majani ya pumu: niliyoyaona Mombasa

Salaam wakuu.

Juzi kuna mwanachama aliuliza humu kama mnanaha ni dawa au ni aina ya bangi, watu wakamjibu kwa vichekesho. Mimi sikucheka. Nawaandikia niliyoyaona kwa macho yangu, majina tu ndiyo nimebadilisha. Chumvi sitaongeza.

Ni miaka ya tisini. Nina miaka ishirini, form four nimemaliza, na kukaa nyumbani Kigoma kumenishinda. (Leo nina arobaini na kitu, bado kukaa mahali kunanishinda.)

Nikapanda treni, siku mbili hadi Dar. Nikafika Tanga, nikabeba mizigo sokoni mwezi mzima. Kisha Horohoro, nikavuka mpaka kwa miguu kupitia mashambani, bila karatasi hata moja. Siku ya tatu nikashuka kwenye feri ya Likoni, viatu vimeachama.

Mji wa Kale nikapata kazi kwa mzee mmoja, nimwite Fundi Athmani. Alishona magodoro ya sufi. Kazi yangu ilikuwa kutoa mbegu, kisha kuipiga sufi kwa fimbo mpaka ifumuke. Chumba chote kinageuka cheupe, nyusi nyeupe, chai nyeupe.

Vumbi hilo la miaka mingi lilikuwa limekula kifua cha mzee. Pumu ikimshika, unasikia filimbi kutoka mlango wa pili.

Dawa yake ilikuwa mnanaha. Wengi mnaujua: ua jeupe kama tarumbeta, tunda lina miiba, unaota wenyewe hata jalalani. Dada yake, Bi Rukia, mjane aliyeishi naye, aliyakausha majani kivulini. Mzee akibanwa, alitia kidogo tu, cha kubana kwa vidole viwili, kwenye chetezo chenye makaa. Fundi anajifunika shuka, anauinamia moshi. Muda si mrefu filimbi inanyamaza.

Sharti la Bi Rukia: anapima yeye peke yake, na mti huo hautiwi mdomoni.

Mimi nilitia. Msinitukane, nilikuwa kijana. Nilitafuna jani moja bichi nione kuna nini. Koo likakauka kama karatasi, mboni zikatanuka nikawa siwezi kusoma hata bango la duka, mkojo ukagoma. Nikaanza kuokota vitu hewani.

"Waona nini?" Fundi akaniuliza.

"Siafu, Fundi. Ukuta mzima."

"Haya wahesabu, maadamu kazi hutaki."

Bi Rukia hakucheka. "Mti huu waua, mwanangu. Kuna walotoka akili wasirudi." Siku mbili nzima alininywesha maji na kunishika mkono kwenye ngazi.

Kwa hiyo wakuu, sisemi mkajaribu. Ni sumu. Nasema kuna mtu aliyejua kuipima.

Kosa nililitenda mimi. Magodoro tulipeleka kwa mkokoteni, mara nyingine hadi ng'ambo ya Makupa, nje ya kisiwa, na chetezo huwezi kutembea nacho. Nikajiona mjanja. Nikachukua majani makavu, nikayasokota kwenye karatasi za sigara, vipande kumi hivi, nikapanga kwenye mkebe. Mzee akibanwa njiani, awashe tu.

Bi Rukia alipouona mkebe alisonya. "Dawa waivisha nguo za kihuni!"

"Wata, Rukia," Fundi akamwambia aache. "Kijana anihurumia."

Asubuhi moja tukapeleka godoro la bibi harusi. Tulipofika Makupa, jua na moshi wa malori vikamkamata mzee. Akakaa ukingoni mwa barabara, akafungua mkebe, akawasha kimoja.

Askari wawili walikuwa wakikagua malori hatua chache tu. Mmoja shavu limevimba miraa, kijani kimemkauka kwenye midomo. Shikeni hapo. Miraa inakesha na mtu, inamtoa usingizi na njaa, na iliuzwa mchana kweupe kila kona. Halali. Mnanaha nao haukutajwa kwenye sheria ya dawa za kulevya, ambayo miaka hiyo ilikuwa mpya na kila askari alitaka kuitumia.

"Mzee mzima na kofia yako, unavuta bangi barabarani?"

Fundi hakuwa na pumzi ya kujibu. Nikajibu mimi: ni dawa ya pumu, harufu yenyewe si ya bangi.

"Wewe lafudhi yako si ya hapa. Kitambulisho?"

Nikanyamaza. Wakuu, nilinyamaza. Wakaniacha, wakampakia mzee na mkebe wake, nikabaki na godoro la watu.

Mimi kituoni sikuthubutu kuingia. Bi Rukia alikwenda mwenyewe, na chetezo chini ya buibui. Wakamwambia majani ni ushahidi, hayaguswi mpaka mkemia wa serikali Nairobi aseme ni nini. Akaomba basi wamruhusu alete mengine kutoka nyumbani. Wakamuuliza: kumbe yako mengine?

Mahakamani, mwendesha mashtaka alimvuta Bi Rukia pembeni. Kaka yako akikiri, analipa faini, leo hii analala kwake. Akikana, anangoja rumande mpaka jibu lirudi.

Bi Rukia alimsihi kakake kupitia nondo. "Kiri tu, Athmani. Neno moja tu."

"Watu huswali nyuma yangu, Rukia. Niwaambie nini? Kwamba imamu wao alikuwa mvuta bangi?"

Akakana. Usiku huo nikamwambia Bi Rukia kwamba kesho nakwenda kusema ni mimi niliyesokota. Akasema watanifunga mimi, na Fundi hawatamwachia. Nikakubali haraka mno. Hilo najua.

Fundi alikaa rumande wiki tatu, kwenye chumba kilichojaa watu na moshi wa sigara. Sigara zilipita. Dawa haikupita. Alifia humo siku ya Jumatano, tukamzika Alhamisi.

Siku ya kesi Bi Rukia akavaa buibui. Nikamuuliza anakwenda kufanya nini.

"Nataka kusikia wakisema."

Nilikwenda naye, karatasi sina, nikakaa benchi la nyuma. Karani akaita jina la Fundi mara tatu. Ripoti ikasomwa: si bangi. Hakimu akasema mashtaka yameondolewa, mshtakiwa yuko huru. Halafu ndipo akatazama kizimbani.

"Yuko wapi?"

Bi Rukia akasimama. "Nyumbani kwake hayuko, hakimu. Na kwenu hamnaye."

Hakimu akaandika kitu, akaita kesi iliyofuata.

Niliondoka Mombasa alasiri hiyo hiyo. Bi Rukia alinifungia mkate wa mofa, hakunilaumu kwa neno. Sijarudi tena.

Nilichojifunza: askari asiyejua mmea asiachiwe kumshika mtu kwa ajili yake, na mgonjwa asikae rumande bila dawa eti kwa sababu dawa ni ushahidi. Na wewe mwenye neno la kumtetea mtu, liseme siku ile ile, hata kama linakugharimu.

Kama kuna mwanasheria humu, anijibu: yule mzee alikufa kwa kosa gani? Na wenye visa vyao vya majani, karibuni.