Akitukanwa Mtoto, Mpira Unasimama

Saa tatu na robo asubuhi, Jumamosi. Mpira uko kwenye kona ya kushoto, miguuni mwa msichana wa miaka kumi na miwili aliyevaa jezi namba tisa. Anampita beki mmoja, anajikwaa, anaamka, anauwahi tena. Hapo ndipo sauti ya mwanamume mzima inapotoka pembeni ya uwanja.

"We namba tisa! Na hilo godoro ulilobeba nyuma, golini utafika?"

Watu wanaangua kicheko. Msichana anauacha mpira utoke. Anaivuta jezi yake chini kwa mikono miwili, kama anayetaka imfike magotini.

Filimbi inalia, moja, ndefu. Wasichana wote ishirini na wawili wanakaa chini pale pale walipo. Kipa anakaa golini. Mwamuzi, mwanamke mfupi wa miaka arobaini na moja, hakai. Anatembea taratibu hadi kwenye mstari.

"Kaka, wewe mwenye kofia. Tunakusubiri utoke."

"Mimi? Nimetania tu, dada!"

"Muulize kama amecheka."

"Kwani mpira ni wako?"

"Ni wao. Wewe ukitoka, watacheza."

Mwenye kofia anakunja mikono kifuani. Dakika ya kwanza watu wanamshangilia. Dakika ya tatu wanaanza kumchoka. "Toka bwana, tumekuja kuona mpira, hatujaja kukuona wewe!" anasema mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Dakika ya nne anaondoka, akinung'unika, "Huyu Trafiki huyu."

Filimbi inalia tena. Wasichana wanainuka, wanajipangusa vumbi, na mpira unarushwa.

Trafiki ndilo jina alilopewa na wale anaowatoa uwanjani, kwa sababu anasimamisha kila kitu. Amelichukua bila kinyongo. "Trafiki akisimamisha magari, ni ili watoto wavuke," anasema. "Kwa hiyo hawajanitukana."

Siku za kazi hayuko uwanjani. Yuko katika chumba cha kufulia cha hospitali, ambako yeye na wenzake watatu hufua na kupiga pasi shuka zaidi ya mia tatu kwa zamu. Jumamosi huvaa nguo nyeusi za uamuzi na kuchezesha ligi ya wasichana wa miaka kumi hadi kumi na tano, timu nane. Malipo ya mechi moja hayafiki bei ya kilo mbili za sukari. Viatu vyake alijinunulia.

Hakuanza na filimbi hii ndefu. Kwa miaka sita ya mwanzo alichezesha kama wengine, na mtoto akija kumlalamikia alikuwa na jibu moja: jifanye husikii.

Aliyelisikia jibu hilo mara nyingi kuliko wote alikuwa mtoto wa dada yake mkubwa. Alikuwa kipa, mrefu, jasiri, mwenye kupiga mbizi hata mazoezini. Alipofika miaka kumi na mitatu mwili wake ulianza kubadilika, na kila aliporuka kudaka mpira kundi la wanaume pembeni lilipiga miluzi. Wanaume wenye watoto nyumbani.

"Alikuwa akinikimbilia mapumziko. Ananiambia, 'Mama mdogo, lakini si unawasikia?' Namwambia, jifanye husikii. Misimu miwili nikamwambia hivyo."

Asubuhi moja alikuta glovu za kipa mlangoni pake. Zimefuliwa, zimekunjwa vizuri. Mtoto hakuacha ujumbe wowote, na hajawahi kurudi uwanjani.

Trafiki anafuta filimbi kwa pindo la fulana.

"Mimi ndiye nilikuwa na filimbi mdomoni," anasema. "Na niliyemnyamazisha ni mtoto."

Jumamosi iliyofuata, mtu alipomkejeli msichana mwingine, alisimamisha mchezo kwa mara ya kwanza. Hakuwa na mpango wowote. Wasichana walimtazama, mmoja akauliza, "Sasa sisi tufanye nini?" Akawaambia, "Kaeni mpumzike." Wakakaa. Tangu siku hiyo ndivyo inavyokuwa, na hakuna anayehitaji kuambiwa.

Wapo wanaosema hana mamlaka hayo. Yeye hutoa kitabu cha sheria za mchezo, kilichokunjwa kona zote, na kuonyesha kifungu kinachomruhusu mwamuzi kusimamisha mchezo ukiingiliwa na kitu kutoka nje.

"Mbwa akiingia uwanjani nasimamisha, na hakuna anayelalamika. Mpira wa pili ukiingia nasimamisha. Ila maneno ya namna hii ndiyo yaingie bure?"

Daftari la usajili la ligi linaeleza yaliyobaki. Msimu ambao mpwa wake aliacha, wasichana themanini na wanane waliandikishwa na arobaini na mmoja tu wakamaliza. Msimu uliopita walianza tisini, wakamaliza sabini na tisa. Katikati hapo hakukujengwa uwanja mpya wala hakukuletwa kocha kutoka mbali. Watu wazima waliambiwa wafunge midomo, basi.

Baadhi wamejifunza. Fundi matofali mmoja, baba wa winga wa kulia, anakiri bila aibu. "Nimetolewa mara mbili. Mara ya pili binti yangu hakunisemesha mpaka jioni. Siku hizi nikiona anapoteza mpira, najaza mdomo karanga. Nikizimeza, hasira imeisha."

Wengine hawataki kujifunza, na hapo ndipo ugomvi ulipo.

Wiki tatu zilizopita, kwenye nusu fainali, mgeni rasmi alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi aliyetoa jezi za timu mbili. Aliketi kwenye meza yenye kitambaa, chini ya mwavuli. Kipindi cha pili beki wa miaka kumi na minne, mwembamba, alipiga mpira ukaenda kombo. Mgeni rasmi akainuka.

"Huyo mwenye miguu ya ufagio mtoeni! Ananiaibishia jezi!"

Filimbi. Wasichana wakakaa.

Mwenyekiti wa kamati ya ligi aliingia uwanjani mbio. "Mama, huyo si mtazamaji. Ni mgeni rasmi."

"Basi atoke kwa heshima zote."

Walikaa dakika ishirini na sita. Mtu mzima aliyemkejeli mtoto hadharani alihitaji dakika ishirini na sita kuamua kwamba yeye si mkubwa kuliko mchezo wa watoto. Hatimaye alipanda gari lake akaondoka, na mechi ikaisha.

Kisha ikaja barua ya kamati. Trafiki amepewa hadi Ijumaa aombe radhi kwa maandishi, la sivyo arudishe beji, na bila beji haruhusiwi kuchezesha mechi yoyote ya ligi. Hata radhi yenyewe wamemwandikia. Imepigwa chapa, inasubiri saini tu. Inasema anasikitika "kwa kumdhalilisha mgeni rasmi mbele ya watoto."

Mgeni rasmi ndiye aliyedhalilishwa! Barua ina aya tano, na yule beki hatajwi hata mara moja.

Katibu wa kamati, mzee mpole anayeongea huku akipanga kalamu zake mezani, anasema hawana njia nyingine. "Sisi tunawapenda hawa watoto. Lakini mpira wa wasichana hauna pesa. Tukimuudhi mfadhili, jezi tutatoa wapi?"

Je, kuna mjumbe yeyote aliyekwenda kumwona yule beki?

"Hilo hatukulijadili," anajibu.

Watu wazima saba, kikao cha saa mbili, na hawakulijadili. Wangeuliza wangeambiwa kwamba beki alirudi mazoezini Jumanne akiwa amevaa suruali ndefu na nzito, katika jua lile, na hakutaka kuivua. Kwa nani jezi ni muhimu, kama anayeivaa anaificha miguu yake?

Alhamisi, saa kumi jioni, zamu imekwisha. Barua iko kwenye mkoba wa Trafiki, haina saini. Yeye yuko nyuma ya chumba cha kufulia, katika ua mpana ambako shuka huanikwa, na msimamizi wake amekubali kamba zishushwe kila Jumamosi asubuhi. Anatembea kutoka ukutani, mguu mbele ya mguu, akihesabu kwa sauti.

"Kesho nawapelekea beji yao," anasema. "Nimeitumikia miaka tisa na itaniuma, nisiseme uongo. Lakini mechi za kirafiki haziombi beji ya mtu."

Manahodha wa timu tano kati ya nane wameshamwambia watakuja. Mama wa namba tisa ameahidi kuleta maji.

"Na jezi?" anauliza dobi mwenzake, mikono kiunoni, akimtazama anavyopiga hatua.

"Waje na fulana za nyumbani. Hawa zambarau, wale rangi yoyote isiyo zambarau."

"Na mimi nikija nikapiga kelele?"

"Nakutoa, dada yangu. Tena wewe nakutoa kwanza."

Wanacheka wote wawili. Kisha Trafiki anarudi kwenye uso wake wa kazi. Anasema hatafuti kutoa mabingwa. Anataka mtoto wa miaka kumi na moja akosee pasi mbele ya watu, acheke mwenyewe, na Jumamosi inayofuata aje tena. "Ni jambo dogo sana hilo. Sielewi kwa nini tunalipigania."

Anafika ukuta wa pili, anasimama, anageuka kuupima ua kwa macho. Umepungua hatua kumi na mbili kwa urefu aliotaka. Anainama, anaokota jiwe, anachora alama ya nguzo ya goli ukutani.

"Tutacheza sita kwa sita," anasema. "Saa tatu kamili."