Kilo Zilizopotea Kituoni

Kituoni asubuhi ile tulibaki wanne: mimi niliyepima majani ya chai, mdogo wangu aliyeshughulikia kompyuta, mwenyekiti wa kamati ya kituo, na kogo, bibi jirani aliyetulisha mwezi mzima tulipomzika mama. Lori lilikuwa limeondoka na majani yote. Kompyuta ilikuwa imezimika kabla ya kuhifadhi kilo za kogo, na majani yakishamwagwa pamoja kwenye lori hayapimwi tena.

Ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo.

"Huyu fundi wako ni wa kuwasha au wa kuzima?" mwenyekiti aliniuliza mimi, hakumuuliza ndugu yangu. Mimi ndiye niliyemwombea ile kazi. Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la saba, nikachuma chai ya watu ili yeye asome.

"Ikizima tena jioni, namrudisha yule fundi wa zamani," mwenyekiti alisema, akaketi kwenye benchi kungoja. Kogo naye hakuondoka.

Ndugu yangu alikuwa amelaumu stima, kisha akabadilisha betri. Alinieleza kwamba si programu ya kupimia iliyoanguka, ni kernel, kile kiini cha mfumo kinachobeba programu zote. Kikianguka, hakuna kinachobaki. Kila mara kioo kilijaa maandishi meupe, naye akayapiga picha kwa simu. Akanipa simu nimsomee, yeye aandike.

Sikuelewa neno hata moja. Nilisoma herufi moja moja, polepole. Kwenye picha ya pili nilisimama.

"Huu mstari nimeshausoma."

"Inafanana tu, dada."

"Haifanani. Ni ule ule. Hata kwa picha ya tatu uko."

Alichukua simu, akatazama. Mstari ule ulikuwa na jina la kifaa alichokiweka mwenyewe ndani ya mfumo, kijiprogramu cha kufuatilia kila hatua ya uzito kutoka kwenye mizani, ajue kwa nini kilo zinachelewa kuonekana.

"Hicho kinaangalia tu," alisema. "Hakigusi kitu."

"Ulikiweka lini?"

"Jumatatu."

"Na ilianza kuzima lini?"

Alitia mawe kwenye gunia, tukalitundika kwenye mizani kifaa kikiwa kimewashwa. Tulipopima mara ya tano kioo kikawa cheusi, kisha maandishi yakajaa, na mstari ule ndani yake. Akawasha upya, akakiondoa kifaa. Tulipima mawe yale hadi mikono ikauma, na kompyuta haikuzima. Alisema ujumbe wa mizani unapoingia, kifaa kinajaribu kusoma mahali ambapo hapasomeki wakati huo, na kernel inasimamisha kila kitu isije ikaharibu zaidi.

"Kwa hivyo si stima?" kogo aliuliza.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ni mashine. Nakiri hivyo. Ndugu yangu akanitangulia.

"Ni mimi, kogo. Nilikiweka bila kukijaribu."

Mwenyekiti alicheka kidogo. "Angalau huyu anasema." Jioni tulipima bila kuzima hata mara moja, na kazi ikabaki yake. Lakini mwenyekiti alikataa kuandika kilo ambazo majani yake hayaonekani, hata za mjane kama kogo.

Kogo alisema zilikuwa thelathini na nane. Mimi ndiye niliyezisoma kwenye mizani, na sikukumbuka. Baada yake nilikuwa nimepima watu wengi. Ningebishana vipi?

Tukakubaliana kwamba majani ya shamba letu yapimwe kwa nambari yake ya mkulima mpaka kilo hizo zitimie. Jua limekuwa kali na vichaka vyetu ni vichache. Ndugu yangu huamka kuchuma kabla ya kuja kituoni. Kogo hunisalimia vizuri, ila siku hizi haondoki kwenye mizani mpaka nimsomee kilo zake mara mbili.

Jana tulipeleka kilo nne. Bado ishirini na moja.